Madabodi Iliyovuka Chini ya Omena

Mwalimu Obbo alizikwa Paya siku ya Jumamosi, na mvua ilisubiri mpaka udongo uliposhindiliwa. Wingu lilipotanda upande wa Kenya na upepo ukaanza kuinua kona za turubai, niliona jambo lililonifanya niweke chini sahani niliyokuwa nimeishika. Hakuna ngurumo iliyokuwa imesikika bado. Lakini Owor, mwana mkubwa wa marehemu, aliingia sebuleni akiwa na viatu vyenye udongo wa kaburi, akachomoa redio. Kisha akachomoa simu za waombolezaji zilizokuwa zikichajiwa, moja baada ya nyingine, nane kwa jumla, akazipanga juu ya kitambaa cha meza. Kijana mmoja aliyetoka Kampala alilalamika kwamba yake ilikuwa na asilimia nne tu. "Wacha tu," Owor akamwambia bila kugeuka. "Hii ni sheria ya Mzee. Mashine yake ya kusoma iliuawa na radi zamani, wewe hujazaliwa. Tangu siku hiyo, wingu likionekana, kila kitu kinatoka ukutani." Kijana akacheka kidogo kwa adabu. Mimi sikucheka. Sheria hiyo niliitunga mimi, nikiwa na miaka ishirini na tatu, kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa uongo.

Nilikotoka hakuna haja ya kukusimulia. Nilizaliwa Bulumbi, wilaya ya Busia, na hilo linatosha. Mwaka ninaouzungumzia nilikuwa nimepanga kona ya chumba cha ushonaji mjini Tororo, katika mtaa unaopanda kutoka sokoni. Chumba kilikuwa na dirisha moja, vyerehani vitatu, na meza yangu, ambayo ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Vumbi jeupe la mji ule liliingia kila mahali, na kila asubuhi nilianza kazi kwa kupangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kwa kikavu, kwa mpangilio uleule, kutoka kushoto kwenda kulia. Sikuwa nimesomea kompyuta popote. Nilijifunza kwa kufungua mashine zilizokufa na kusoma vijitabu vilivyokuja nazo, na kila nilichokithibitisha nilikiandika katika daftari la shule lenye mistari. Wanawake waliokuwa wakishona walinisema mchana kutwa kana kwamba sipo. "Huyu wetu ni daktari wa maiti," mmoja alikuwa akisema huku mguu wake ukikanyaga pedali. "Wenzake wanatibu wagonjwa, yeye mpaka mgonjwa afe kwanza." Mwingine akajibu, "Afadhali. Maiti hairudi kulalamika." Nilikuwa nikitabasamu na kuendelea. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejifundisha mwenyewe, ambacho ni kibaya kuliko kile cha msomi, kwa sababu hakuna mwalimu aliyewahi kukipunguza.

Mwalimu Obbo aliletwa na mkewe, Mama Awor, mwanzoni mwa mvua za kwanza. Yeye alishika tandiko la baiskeli, Mama Awor akisukuma, na nyuma, juu ya keria, kulikuwa na kompyuta iliyofungwa kwa shuka la maua. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye tai, na macho yaliyofungwa kama mtu anayekumbuka kitu. Alikuwa kipofu tangu utotoni. Alifundisha katika shule ya msingi nje kidogo ya mji, iliyokuwa na darasa la watoto wasioona.

"Nimesikia kuna daktari wa maiti hapa," alisema mlangoni. Washonaji wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza kwa aibu walipoona kwamba haoni.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Sauti yako ni ya mtoto. Una ndevu?"

"Kidogo."

"Basi tuanze na hizo kidogo. Mzungu wangu amenyamaza."

Mzungu lilikuwa jina la sauti. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na kadi ndefu, iliyojaa vijidude vyeusi pande zote, ambayo mgeni fulani alimwachia zamani, na kadi hiyo ilisoma kwa sauti chochote kilichoandikwa kwenye skrini. Ilisema Kiingereza kwa pua. Ikipewa Kiswahili ilikitafuna, na ikipewa Dhopadhola, lugha ya kwao, Mwalimu alisema, ilikuwa kama kusikiliza askari wa kikoloni akiita majina ya watu wa kijiji. Lakini alikuwa ameizoea. Kwa Mzungu aliandika masomo yake, akayasoma tena, akayarekebisha mwenyewe, bila jicho la mtu mwingine. Nilipofungua sanduku niliona chanzo cha kifo mara moja. Betri ndogo iliyochomelewa kwenye madabodi, lile bamba kubwa la kijani linalobeba na kuunganisha sehemu nyingine zote, ilikuwa imevuja. Maji yake yalikuwa yametambaa kati ya njia za shaba na kuziacha na ukungu wa kijani kibichi, kama kuvu kwenye mkate. Nilizijaribu sehemu nyingine zote, moja moja, katika mashine zangu. Prosesa ilikuwa hai. Vipande vinne vya memori vilikuwa hai. Diski ilikuwa hai, pawa saplai ilikuwa hai, na kadi ya sauti nayo, kwa kadiri nilivyoweza kupima, ilikuwa hai. Kilichokufa kilikuwa kile kinachovifanya vijuane.

"Nunua kompyuta mpya, Mwalimu," nilimwambia, kwa sababu ndivyo daftari langu lilivyoshauri.

"Ile mpya ina mahali pa kukaa Mzungu?"

Nikaangalia. Haikuwa nayo. Kadi yake ilihitaji sloti ndefu nyeusi ya zamani, na watengenezaji walikuwa wameshaacha kuiweka. Kompyuta mpya ingekuwa nzuri, nyepesi, na bubu.

Mama Awor ndiye aliyenieleza kwa nini walikuwa na haraka. Alisubiri mumewe aende nje, akaniambia kwa sauti ya chini huku akikunja lile shuka. Mwalimu mkuu alikuwa ameandika barua wilayani kwamba Obbo hawezi kazi tena. Kwamba mkewe ndiye anayemsomea na kumwandikia, na kwamba serikali inalipa mtu mmoja na kupata kazi ya mwingine. Mkaguzi angekuja kabla muhula haujafungwa. Mwalimu angetakiwa kuandika na kusoma mbele yake, peke yake. Akishindwa, angestaafishwa, na nyumba ya shule waliyokaa ingepewa mwingine. "Maandishi ya nukta anasoma vizuri," alisema, "lakini yule mkaguzi hajui nukta. Atasema tunamdanganya. Anataka kitu ambacho na yeye anaona. Mwanangu, hii kitu isipoongea, sisi nakwenda Paya kulima." Hakulia. Alisema kama mtu anayesoma orodha.

Niliandika orodha yangu mwenyewe usiku huohuo, na ninayo mpaka leo. Madabodi niliyoitafuta ilipaswa kuipokea prosesa yake katika soketi yenye umbo lilelile na kuipa volti zake, kwa sababu volti zikizidi kidogo tu prosesa huungua kimya kimya. Ilipaswa kuwa na nafasi za memori fupi za zamani, si zile ndefu zilizokuwa zimeanza kujaa madukani. Ilipaswa kukubali plagi mbili za pawa saplai ya kale, zile ambazo fundi huziunganisha akihakikisha nyaya nyeusi zinakutana katikati, maana ukikosea umeua kila kitu kwa mara moja. Ilipaswa kuwa na tundu la duara la kibodi, na matundu ya skrubu yanayolingana na sanduku. Na juu ya yote, sloti ndefu nyeusi, iliyo wazi, isiyozibwa na kitu. Maswali saba ukiyahesabu yote. Nilijivunia sana yale maswali saba.

Jibu lilikuwa Busia, upande wa Kenya, katika kibanda cha mabati cha mtu aliyeitwa Barasa, aliyenunua kompyuta za ofisi zilizotupwa Nairobi na kuziuza kwa sehemu. Nilienda Jumamosi mbili. Sehemu za Mwalimu nilizibeba katika beseni la plastiki nililolitandika gazeti, na Barasa aliponiona nikizipanga juu ya katoni aliwaita jirani zake waje watazame. "Oneni msee wa Uganda ameleta mgonjwa na damu yake," alisema. Siku ya kwanza nusura ninunue bodi nyingine, mpya zaidi, safi, yenye sloti ndefu moja. Barasa aliisifia sana. "Buda, hii ni fiti, imetoka benki, haijawahi kuona vumbi." Nilishawishika kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini ilitaka memori tofauti na pawa saplai tofauti, na ile sloti moja iligawana tundu la nyuma na jirani yake. Ningekuwa ninanunua kompyuta mpya kipande kwa kipande ili kuokoa kadi moja. Nikairudisha. Jumamosi ya pili alitoa kutoka chini ya rafu bodi ya rangi ya kahawia, mbaya kwa sura, yenye sloti ndefu tatu, na nilipoigeuza nikaona kwamba inajibu maswali yote. Nilisogeza vijipini vya volti kama kijitabu kilivyoagiza, nikaunganisha nyaya, nyeusi katikati, nikawasha. Baada ya sekunde kama arobaini Mzungu alizungumza ndani ya kibanda cha mabati. Alisema tu kwamba yuko tayari, kwa Kiingereza cha pua. Barasa alirudi nyuma hatua mbili. "Woi! Hii kitu ina jini," akasema. Sijawahi kufurahi vile tena katika kazi hii.

Ilibaki kuvuka. Wakati ule maofisa wa forodha walikuwa wakali na vyombo vya umeme; kijana mwenye beseni la vipande vya kompyuta angeulizwa maswali mpaka jioni, na pengine angeondoka na beseni tupu. Sehemu za Mwalimu nilizivusha mwenyewe kama nilivyoingia nazo, kwa sababu askari wa zamu alikuwa ameziona asubuhi. Bodi nilimpa Egesa. Egesa alikuwa mtu wa Sikuda, miguu yake ilikuwa imepooza tangu utotoni, na alivusha mizigo kwa baiskeli ya magurudumu matatu aliyoiendesha kwa mikono. Kila aliyeishi mpakani anajua utaratibu huo: watu wenye ulemavu walipita na baiskeli zao na hakuna ofisa aliyewasimamisha kwa muda mrefu, wengine kwa huruma na wengine kwa aibu, na wafanyabiashara wote tulitegemea huruma na aibu hiyo. Siku hiyo alikuwa amebeba magunia ya omena, dagaa wa ziwani, ya kulishia kuku.

"Profesa," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa ajili ya vile vijitabu, "niiweke juu, nikalie? Matako yangu hakuna mtu anayapekua."

"Utaivunja. Iweke chini kabisa, chini ya magunia."

"Chini kuna maji."

"Maji kidogo si kitu. Itakauka. Wakiiona ndiyo basi."

"Sawa. Wewe ndiyo umesoma."

Nimeyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Mvua zilikuwa zimezidi mwezi ule na wavuvi hawakupata jua la kuanikia, kwa hiyo omena ilikuwa imetiwa chumvi nyingi ili isioze, na magunia yalikuwa yakichuruzika. Nililijua hilo, niliona matone yakianguka kati ya magurudumu. Madabodi ilikaa pale chini kwa zaidi ya saa tatu, kwa sababu foleni ya malori ilikuwa ndefu. Aliponikabidhi upande wa Uganda ilikuwa imelowa kona moja. Niliipangusa kwa shati. Tororo niliisugua kwa mswaki na spiriti, upande wa juu na upande wa chini, nikaipuliza, nikaiacha juani nusu siku. Sikuing'oa plastiki ya sloti kutazama ilichoficha. Kwenye daftari hapakuwa na swali linalosema nifanye hivyo.

Niliifunga nyumbani kwao, Jumatano alasiri, katika chumba cha mbele cha nyumba ya shule. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kilikuwa na viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda ya miaka mitatu iliyopita ambayo Mama Awor aliipenda kwa picha yake, na kamba iliyofungwa kutoka mlangoni mpaka mezani ambayo Mwalimu hakuihitaji tena lakini hakutaka itolewe. Mama Awor alikuwa akipakua chakula, ugali wa wimbi na kunde zilizoungwa kwa simsim. Mwalimu aliinua uso.

"Mama Awor, leo ni omena?"

"Omena iko wapi? Ni kunde."

"Basi nani ameingia na omena?" Akainama taratibu kuelekea meza, akanusa, mkono wake ukitafuta sanduku lililo wazi. "Inatoka hapa. Wandera, mbona mashine yangu inanuka samaki?"

"Ni ya Busia, Mwalimu," nikasema. "Sisi wa Busia wote tunanuka hivyo."

Walicheka mpaka Mama Awor akaweka chini mwiko. Mwalimu alicheka pia, akipiga goti. Kisha, kicheko kikiisha, aliuliza tena, kwa upole, kama anavyoulizwa mwanafunzi aliyekwepa swali: "Lakini haitadhuru?" Nikamwambia haitadhuru. Katika watu wote walioishika ile bodi, yeye peke yake, asiyeona, ndiye aliyeuliza swali lililotakiwa kuulizwa. Mimi nilimjibu kwa mzaha, kisha nikala kunde zake.

Mzungu alizungumza wiki tatu. Nilikwenda kuwatazama kila Jumapili, bila kuitwa, nikijisingizia kukagua. Mwalimu alikuwa akijizoeza. Aliandika aya, akaisikiliza, akaifuta, akaandika nyingine, vidole vyake vikienda bila kusita, na Mama Awor alikaa kwenye kiti cha mbali zaidi akiwa amekunja mikono, ili hata jirani apitaye dirishani aone kwamba hamsaidii. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mwalimu aliogopa umeme wa mji ule, uliopanda na kushuka bila taarifa, na jioni, au wingu likikaribia, Mama Awor alichomoa waya ukutani. Nami nilikuwa nimeshauri hivyo. Jumapili ya tatu Mzungu alirudia silabi moja mara mbili. "Ana mafua," Mwalimu alisema. Niliisikia ile silabi. Nilijiambia nitafungua nitazame baada ya ukaguzi, kwa sababu kufungua mashine inayofanya kazi siku chache kabla ya mtihani ni kinyume cha kanuni, na kanuni niliziheshimu.

Mkaguzi alikuja Alhamisi asubuhi. Usiku uliotangulia kulikuwa na ngurumo na radi tangu magharibi. Walikaa katika chumba kile cha mbele: mkaguzi mwenye kofia magotini, mwalimu mkuu kando yake, Mama Awor mlangoni, na mimi ukutani, kwa sababu Mwalimu aliomba niwepo. Alikuwa amevaa tai mpya. Mkaguzi, mtu asiye na ubaya wowote, alimsomea sentensi tano aziandike, kisha azisome. Mwalimu aliziandika zote. Niliziona kwenye skrini, hazina kosa hata moja. Akabonyeza ili zisomwe. Mzungu alisema neno la kwanza, akalirudia, akarudia nusu ya neno, kisha akaendelea na ile nusu, bila kupumua, kama mlango unaogonga kwa upepo, mpaka skrini ikawa nyeusi na kukawa kimya. Mwalimu alibonyeza tena. Akabonyeza tena. Mwalimu mkuu alitazama dari. Vidole vya Mwalimu vilibaki juu ya kibodi, vimeinuliwa kidogo, kisha akaniita.

Nilifungua sanduku mbele yao wote. Nilichomoa kadi ya sauti, nikainamisha taa, na pale, kwenye mzizi wa sloti ndefu, chini ya plastiki, niliona kijani. Kijani kilekile cha betri iliyovuja, kuvu kwenye mkate. Nilisikia na harufu. Ilikuwa dhaifu, na nilikuwa karibu zaidi ya wote, lakini nina hakika Mwalimu aliisikia, kwa sababu pua yake ilitikisika. "Ni nini?" akauliza. Nilikuwa na muda mfupi sana wa kujibu, na katika muda huo nilimwona mkaguzi, na mwalimu mkuu, na akilini wale washonaji wakiambiana kwamba maiti safari hii imerudi kulalamika, na maswali yangu saba, na nikasema, "Umeme. Jana kulikuwa na radi. Imepiga bodi."

Mwalimu aligeuza uso kuelekea mlangoni. "Mama Awor," alisema, bila ukali wowote, "ulichomoa?"

Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Akautoa. "Nadhani nilisahau," akasema. "Nilisahau."

Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Hakuna kitu kilichonizuia kusema. Mkaguzi aliandika kidogo, akaomba radhi kwa usumbufu, akavaa kofia. Nimewahi kujiambia kwamba hata kama ningesema ukweli matokeo yangekuwa yaleyale. Mashine iliyokufa kwa chumvi ni bubu sawasawa na iliyokufa kwa radi. Hilo ni kweli kuhusu mkaguzi. Kuhusu chumba kile si kweli.

Walihamia Paya kabla ya muhula kufunguliwa. Niliwasaidia kupakia. Mwalimu alilipwa kidogo alichostahili, akalima kwa kuongozwa na kamba, akafundisha kwaya ya kanisa, na miaka ya mwisho wanawe walimnunulia simu ndogo inayosema, ya aina ambayo leo iko mkononi mwa kila muuza nyanya, na inayosoma Kiswahili vizuri kuliko Mzungu alivyowahi kusoma Kiingereza. Nilikwenda kumsalimu mara nne katika miaka yote hiyo. Kila mara alinishukuru kwa jinsi nilivyohangaika. Kila mara wingu liliponing'inia kidogo alikatiza mazungumzo, akainua uso kuelekea jikoni, na kuuliza, "Mama Awor, umechomoa?" Naye akajibu kutoka ndani, "Nimechomoa." Nilikuwa ninaaga na kuondoka. Niliacha Tororo mwaka uleule, nikafungua duka Busia, na kwenye daftari niliongeza swali la nane: imepitia wapi? Vijana wangu wote wanalijua. Hawapokei bodi mpaka waliulize. Hawajui lilikotoka.

Jumamosi ile, mvua ilipokatika na watu wakaanza kutawanyika, Owor alirudisha redio ukutani, na Mama Awor akaniita ndani. Alikuwa amekaa kitandani. Miguuni pake kulikuwa na sanduku, bado limefungwa kwa shuka la maua, rangi zake zimepauka.

"Hii chukua," alisema. "Hapa hakuna mtu anaijua. Mzee alikataa itupwe. Labda kuna kitu unaweza kutumia."

Nilipiga magoti, nikalifungulia pale pale. Nilikuwa na bisibisi mfukoni, huwa ninayo. Nilitoa kadi, kisha nikafanya kile ambacho sikufanya mwaka ule: niliipenyeza bisibisi chini ya plastiki ya sloti na kuing'oa. Kijani kilikuwa kimekula miguu ya shaba mpaka mingine haikuwepo. Nikaiinua bodi karibu na dirisha ili aone.

"Mama, radi haiachi hivi. Radi inaacha weusi. Hii ni chumvi. Niliivusha chini ya omena, nikaambiwa kuna maji, nikasema si kitu."

Macho yake hayakuwa mazuri tena, akaishika, akapitisha kidole juu ya ule ukungu, kama marehemu angefanya.

"Siku ile uliijua?"

"Niliijua kabla mkaguzi hajavaa kofia."

"Na niliposema nilisahau, ulikuwa umesimama pale."

"Nilikuwa nimesimama pale."

Nje, mtu aliburuta viti. Alinirudishia bodi, akapangusa kidole kwenye gauni.

"Unajua," alisema, "mpaka leo sikumbuki kama nilichomoa. Ninajaribu kukumbuka mkono wangu ukutani usiku ule, na siupati. Nilisema nilisahau kwa sababu wewe ndiye ulikuwa fundi." Akalivuta shuka la maua, akaanza kulikunja. "Hakunigombeza hata siku moja. Aliuliza tu. Kila mvua."

Ngurumo ilisikika mbali, upande wa Busia. Mama Awor aliinuka akishika ukuta, akapita karibu nami mpaka sebuleni, akasimama mbele ya redio na kuweka mkono kwenye plagi. Mkono ulibaki pale. Kutoka uani Owor akapaza sauti, kwa wepesi wa mtu anayesema jambo aliloanza kulisikia utotoni:

"Mama! Umechomoa?"

Aliniangalia mimi.

"Nimechomoa," akajibu. Kisha akachomoa.